Nicodemus, Kansas: Mji Ulioachwa na Reli Ng'ambo ya Mto

Mtu akitaja mji mdogo wa mashambani Marekani, wengi wetu tunaona barabara moja, kanisa jeupe la mbao na wakulima wa Kizungu wenye kofia pana. Miji ya namna hiyo ipo kwa maelfu. Lakini kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, katika Kaunti ya Graham, kando ya barabara kuu namba 24 kati ya Stockton na Hill City, kuna Nicodemus, mji ulioanzishwa mwaka 1877 na watu weusi ambao miaka kumi na miwili tu nyuma walikuwa mali ya watu wengine. Sensa ya 2020 ilikuta humo wakazi 14.

Mji huu mdogo una maneno mengi juu yake, na mengi si sahihi. Mengine husemwa kwa nia njema kabisa, kwa kuwahurumia waanzilishi wake. Hayo ndiyo yanayoniuma zaidi, maana huruma hiyo huwanyang'anya watu wale akili na mipango waliyokuwa nayo.

"Waanzilishi walikuwa watumwa watoro"

Hili ndilo linalosikika sana, na chanzo chake kinaeleweka. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, majimbo ya kusini yalipoasi ili kulinda utumwa, Kansas ilikuwa kweli kimbilio la watoro kutoka Missouri. Nicodemus lakini ni habari ya baadaye. Walowezi wake wengi walitoka Kentucky, maeneo ya Lexington na Georgetown, na walipoondoka hakuna bwana aliyekuwa na haki ya kuwafuata.

Kentucky yenyewe ina kisa chake. Tangazo la Rais Lincoln la Januari 1863 liliwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Kentucky haikuasi, kwa hiyo tangazo halikuigusa. Watumwa wengi wa huko waliendelea kuwa watumwa kisheria hadi Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, yalipoanza kufanya kazi. Fikiria: vita vimekwisha tangu majira ya kuchipua, upande uliopigania utumwa umeshindwa, nawe bado ni mali ya mtu kwa sababu jimbo lako lilikuwa upande wa washindi.

Uhuru ulipofika, haukuja na ardhi. Watu walirudi kulima mashamba yale yale ya mabwana wa zamani, kwa ujira mdogo au kwa kugawana mazao, na usiku kulikuwa na magenge ya Wazungu yaliyowachapa na kuwaua waliojaribu kujitegemea. Walioamua kuondoka waliondoka kwa mpango. Aprili 1877 iliundwa kampuni ya kuanzisha mji. Rais wake alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi, na katibu alikuwa Simon Roundtree, mchungaji mweusi. Mshirika wao W. R. Hill alikuwa Mzungu mfanyabiashara wa ardhi. Ramani ya mji ilichorwa, viwanja vikapimwa, matangazo yakachapishwa, na watu wakasafiri kwa treni.

Wengine huwaingiza katika msafara wa 1879, pale maelfu ya weusi wa Mississippi na Louisiana walipohamia Kansas kwa ghafla, na kumpa Benjamin Singleton sifa ya kuanzisha Nicodemus. Singleton alifanya mengi, aliwapeleka watu Kansas na kuanzisha makazi kama Dunlap, lakini Nicodemus ilikuwa imesimama miaka miwili kabla ya msafara ule.

"Walipewa ardhi nzuri ya bure"

Sheria ya Makazi ya 1862 ilimruhusu mkuu wa familia kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, akae miaka mitano, ailime, kisha apate hati. Ndipo watu wanaposema "bure". Kujiandikisha kulikuwa na ada. Kampuni ya mji nayo ilitoza dola 5 kwa aliyetaka kiwanja. Nauli ya treni mtu alijilipia, mbegu na jembe alijinunulia, na hadi mavuno ya kwanza ilibidi familia ipate cha kula. Walowezi wengi walifika mifuko ikiwa imeshakauka.

Septemba 1877 kundi kubwa la kwanza, wapatao 300, lilishuka stesheni ya Ellis. Kutoka hapo hadi Nicodemus ni kama kilomita 55 kuelekea kaskazini, nao wakazitembea. Baadhi ya familia zilipoona zilichokiendea ziligeuza njia mara moja.

Waliona nini? Tunaye shahidi. Majira ya kuchipua ya 1878 Willianna Hickman alifika na kundi la pili kutoka Georgetown, lililoongozwa na mumewe, mchungaji Daniel Hickman. Alikumbuka baadaye kwamba wanaume walipaza sauti kuwa Nicodemus ile pale. Akakaza macho, hakuona mji. Mumewe akamwonyesha kwa kidole nguzo za moshi zilizokuwa zikitoka ardhini, akamwambia hiyo ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi ndani ya ardhi, katika nyumba zilizochimbwa kwenye kingo za vilima. Mama yule akaanza kulia.

Walichimba kwa sababu mbao hazikuwepo. Miti ilimea kando ya mto tu. Kwingine kote ni nyasi fupi, anga na upepo. Kuni hazikuwepo pia, hivyo walichoma mavi makavu ya nyati wa Marekani na mabua ya alizeti pori, na mifupa ya nyati hao waliomalizwa na wawindaji waliiokota na kuiuza. Farasi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mtu aliyetoka kulima tumbaku na hemp, mmea wa nyuzi za kamba, huko Kentucky alijikuta akivunja kwa jembe la mkono na sepetu udongo ulioshikwa na mizizi ya karne nyingi. Wazee wa Nicodemus wamesimulia tangu hapo kwamba katika baridi ya kwanza ni wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliowagawia nyama. Watu waliokuwa wakiondolewa katika nchi yao waliwalisha watu waliokuwa wakiitafuta nchi.

Misaada iliombwa pia miji ya mashariki ya Kansas, na ikaja. Kisha mwaka 1879 walowezi wenyewe wakaazimia kuacha kuomba. Nikisoma kwamba mji huu ulibebwa na wafadhili, nakumbuka azimio lile.

"Kansas ni jangwa tambarare"

Kwa mpita njia ndani ya gari, huenda. Nicodemus iko katika bonde la Mto Solomon, tawi la kusini, kwenye nchi ya mawimbi ya vilima vifupi na chokaa chini yake; kanisa la Baptist la mwaka 1907 na jumba la mji vimejengwa kwa mawe hayo ya chokaa. Ngano inastawi.

Tatizo la nchi hii ni mvua isiyo na ahadi. Mji uko mashariki kidogo ya longitudo 100, mstari ambao mtafiti wa nchi za magharibi John Wesley Powell aliutaja mwaka 1878 kuwa mpaka kati ya Marekani yenye mvua ya kutosha kilimo na ile isiyotosha. Kwa mwaka hunyesha kati ya milimita 500 na 600, tena mwaka huu zinakuja, mwaka ujao hazionekani. Miaka ile kulikuwa na imani, iliyohubiriwa na kampuni za reli na hata na wasomi, kwamba mvua hulifuata jembe: ukilima nyika, mawingu yatakuja. Hiyo ndiyo dhana potofu iliyowagharimu watu wa magharibi mwa Kansas kuliko zote, weusi kwa weupe. Ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1880 uliizika.

Jina

Wahubiri wengi hufurahi kusema mji uliitwa kwa Nikodemo wa Injili ya Yohana, aliyemwendea Yesu usiku. Tangazo la kuwaita walowezi la mwaka 1877 linaonyesha njia nyingine: lilikuwa na beti za wimbo uliojulikana tangu miaka ya vita, kuhusu Nicodemus, mtumwa mzaliwa wa Afrika aliyenunuliwa kwa mfuko wa dhahabu. Walowezi walikuwa watu wa kanisa na Biblia waliijua, sina shaka jina liliwagusa kwa pande zote mbili. Lakini Nicodemus aliyewaita Kansas alikuwa Mwafrika.

"Weusi peke yao, wamejitenga na dunia"

Mwaka 1880 mji na viunga vyake vilikuwa na weusi 258 na Wazungu 58, na baadhi ya maduka yalikuwa ya Wazungu. Kulikuwa na hoteli, na shule ya kwanza ya Kaunti ya Graham ilianzia hapa. Ndiyo maana jengo lake la 1918 bado linaitwa la Wilaya Namba 1. Kufikia 1887 mji ulikuwa na magazeti mawili. Na Edward McCabe, mtu mweusi aliyehamia huku mwaka 1878, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas mwaka 1882, akachaguliwa tena 1884. Jimbo lile lilikuwa na wapiga kura weupe walio wengi mno. Sidhani watu waliojitenga humtoa mtu wa namna hiyo.

"Mji ulishindwa"

Hapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Watu huutazama mji wenye wakazi 14 na kusema jaribio lile lilishindikana, wengine wakiongeza kwa chini chini kwamba walowezi hawakujua biashara.

Katika nyika ile, mji bila reli haukuwa na maisha marefu. Ngano haisafirishwi kwa mkokoteni kilomita 50 ikabaki na faida, na mwenye duka hawezi kushindana na mwenzake aliyeko stesheni. Wakazi wa Nicodemus walilijua hilo vizuri. Mwaka 1887 kampuni ya Missouri Pacific ilipoonyesha nia, wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola 16,000 ili kuivuta reli ipite kwao. Ni mzigo mkubwa kwa watu waliokuwa wakiishi mashimoni miaka kumi nyuma. Magazeti yalijaa matumaini na viwanja vikapanda bei.

Mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ikajenga njia yake kusini ya Mto Solomon, upande wa pili, na kambi ya wajenzi iliyokuwa kilomita zisizozidi 10 kutoka Nicodemus ikageuka kuwa mji wa Bogue. Wenye maduka wakahama, wengine wakiyabeba hata majengo yao. Mto ule si mkubwa. Miezi ya kiangazi unauvuka kwa miguu. Upana huo mdogo ndio uliotenganisha mji uliopata stesheni na mji ulioikosa, na uamuzi ulifanywa na watu wasiowahi kulala usiku mmoja Nicodemus. Mamia ya miji ya Wazungu katika nyika ile ilikufa kwa namna hiyo hiyo, na nyingi leo hazina hata jiwe la kukumbukwa.

Nicodemus ilibaki. Wafanyabiashara waliondoka, wakulima wakakaa, mashamba yakaongezeka mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichowapunguza sana ni vumbi na ukame wa miaka ya 1930, vilivyokuja pamoja na kuporomoka kwa bei ya ngano. Hata katika shida hiyo walijenga, kwa mpango wa ajira wa serikali, jumba la mji la mawe lililokamilika 1939. Posta ilifungwa 1953. Mwaka 1996 serikali kuu ikaitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa, chini ya idara ile ile inayotunza hifadhi kubwa za nchi.

"Sasa ni mahame na makumbusho"

Wikiendi ya mwisho wa Julai nenda ukaone mahame hayo. Vizazi vya walowezi hurudi kwa mamia kutoka Denver, Kansas City na hata California, wanakula pamoja na kusali pamoja. Wageni hudhani ni sherehe ya Juni 19, ile ya kukumbuka siku watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru. Hapana. Mizizi yake ni Agosti mosi, siku utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi mwaka 1834, siku ambayo weusi wa Marekani waliisherehekea kabla wao wenyewe hawajawa huru. Nicodemus waliichukua na hawajaiacha. (Sheria ile ya Uingereza haikuifikia pwani yetu. Zanzibar, amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitoka 1897, Nicodemus ikiwa imetimiza miaka 20.)

Na ardhi bado inalimwa. Veryl Switzer, mtoto wa Nicodemus aliyechaguliwa wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1954, aliendelea kuwa mkulima wa huko baada ya kuacha mchezo. Wakulima weusi wa Kansas waliunda chama chao papo hapo, wakati wenzao nchi nzima walipokuwa wakidai haki kwa kunyimwa mikopo ya kilimo ya serikali. Mwanzoni mwa karne hii chama hicho kilijaribu zao jipya, linalovumilia ukame na lisilodai maji mengi: tefu, nafaka ya mkate wa injera, kutoka Ethiopia. Katika udongo ule ambao Willianna Hickman aliuona ukitoa moshi, ikamea.