Koo la Mtoto, Vali za Moyo na Sindano ya Kila Mwezi

Mwanangu alikuwa anasumbuliwa na mafindofindo tu. Sasa naambiwa moyo una kasoro. Koo na moyo wapi na wapi?

Vinahusiana, mama. Bakteria aitwaye streptokokasi akivamia koo, kinga ya mwili huinuka kupambana naye. Kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hupotea njia, ikageukia maungio ya mifupa na vali za moyo, yaani milango midogo ya damu ndani ya moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti yaliyovimba hupona, lakini vali zinaweza kubaki na makovu, na kila homa ikirudi makovu huongezeka. Ndiyo maana wengine hugundua wakiwa watu wazima, wakihema kwa kupanda ngazi, au wakati wa ujauzito.

Sindano za penisilini za kuzuia homa hiyo isirudi tunazijua tangu zamani. Utafiti umeleta jipya gani?

Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni wakati wa kuianza. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha kasoro ndogo ya vali kwa mtoto anayecheza mpira bila dalili yoyote, na madaktari walibishana kwa miaka: achomwe sindano, au asubiriwe?

Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda. Watoto zaidi ya 102,000 wa miaka 5 hadi 17 walipimwa. Kati ya waliokutwa na ugonjwa uliojificha, 916 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakachomwa benzathini penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, wengine wakafuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa 2021. Kwa waliofika mwisho wa utafiti, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na 33 kati ya 400 wasiochomwa. Binafsi sijaona dawa nyingi za bei kubwa zenye tofauti kama hiyo.

Basi kila mtoto achomwe?

La. Hata wasiochomwa, wengi hawakuzidiwa katika miaka hiyo 2. Kwa hesabu, ni kama watoto 13 wachomwe ili mmoja aokolewe asizidiwe. Mzio mkali pia hutokea, ingawa ni nadra. Eko kwanza, kisha mzungumze na daktari.

Nina ugonjwa huo wa vali na mapigo yangu hayana mpangilio. Natumia wafarini. Ndugu yangu wa Ulaya ataniletea dawa mpya ya kuyeyusha damu isiyohitaji vipimo. Nibadilishe?

Usibadilishe mwenyewe. (Tena dawa hizi haziyeyushi damu; zinaizuia isigande ovyo.) Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote wenye hali kama yako. Dawa mpya, rivaroksabani, ilishindanishwa na kundi la kina wafarini. Wengi walitarajia mpya isipitwe. Ikapitwa: waliotumia za zamani walikufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu kupita wenzao.

Huko Ulaya wengi wenye mapigo ya namna hiyo hawana vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, na kwao dawa mpya hufaa. Mgonjwa mwingine, dawa nyingine. Wewe endelea kupima damu kama ulivyopangiwa, na mboga za majani usiache, ila zisiwe leo sufuria zima, kesho hakuna, kwani hubadili nguvu ya wafarini. Ukifikiria kubeba mimba, sema mapema kabla haijaingia, kwani wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sindano inauma sana, mtoto anajificha siku ikifika.

Ana haki, dawa ni nzito. Mwombe muuguzi aishike chupa mkononi ipoteze baridi, aisukume polepole, na aulize kama inaruhusiwa kuchanganya na dawa ya ganzi. Mkandamize kwa kidole mahali pa kuchoma kwa sekunde chache kabla. Tarehe ya sindano inayofuata iandikwe kwenye kalenda ya nyumbani kabla hamjatoka zahanati.