Git haihitaji GitHub: kiini cha Linux bado kinajengwa kwa barua pepe

Wengi wanaoanza kuandika programu huamini kwamba bila GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana msimbo, hakuna kushirikiana, na kwamba kutumiana msimbo kwa barua pepe ni mambo ya kale yaliyojaa vurugu. Si kweli. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alianzisha Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux (kernel, sehemu ya msingi ya mfumo endeshi huo), kabla GitHub haijazaliwa, na hadi leo mabadiliko ya kiini hicho hukaguliwa zaidi kwa barua pepe.

Vurugu huja mtu anapoambatisha faili liitwalo "mwisho_mpya2.zip". Watengenezaji wa kiini hawafanyi hivyo. Amri ya git format-patch hugeuza kila badiliko kuwa barua kamili: mada yenye [PATCH], maelezo ya sababu, kisha mistari yenyewe, iliyofutwa ikianza na alama ya kutoa na iliyoongezwa na ya kujumlisha. Mkaguzi hunukuu mstari wenye kasoro na kujibu chini yake hapo hapo. Mwandishi hurekebisha, anatuma tena kwa [PATCH v2]. Mkaguzi akiridhika huandika Reviewed-by na jina lake, na msimamizi huingiza kiraka (badiliko hilo lililotumwa kwa barua) kwenye hazina yake ya msimbo kwa amri ya git am, jina la mwandishi likibaki palepale.

Ninachokipenda zaidi ni wepesi wake: ni maandishi matupu, hupita hata kwenye intaneti ya kusuasua, na unaweza kukagua ukiwa nje ya mtandao, majibu yakasubiri. Ugumu upo. Baadhi ya programu za barua hukata mistari mirefu na kuharibu kiraka, kwa hiyo tuma kwa amri ya git send-email, usibandike msimbo kwenye dirisha la barua.