Mbwa Kali: Yanayosemwa Nakuru na Yaliyo Kweli

Lanet hadi Kiamunyi, mageti mengi yameandikwa "Mbwa Kali", na kila jirani ana fomula yake ya kuupata huo ukali.

"Mfunge mnyororo kutwa, usiku atawaka." Aliyefungwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo akiogopa hubakiwa na meno tu. Wala hachagui: mwizi, mtu wa maji, mtoto aliyefuata mpira, wote ni sawa. Pilipili kwenye ugali nayo humchoma mdomo na tumbo, basi. Ni upuuzi.

"Akinguruma, mchape." Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Kunguruma ni onyo, tena la mwisho mwisho. Kabla yake alishakaza mwili, akageuza uso, akalamba midomo, weupe wa jicho ukaonekana, hakuna aliyejali. Kiboko hakiondoi hofu, kinamfunza kunyamaza tu. Siku nyingine atauma bila sauti, na mwenyewe aape kwamba "ameuma ghafla". Kama anangurumia sufuria yake, msogeze mtoto, kisha umlishie pembeni pasipo na pitapita. Baadaye pita kwa mbali ukimrushia kipande cha matumbo. Mwili ukilegea, siku nyingine pita karibu kidogo. Ukikakamaa, rudi ulikokuwa. Polepole ataona kuwa mtu akija, chakula huongezeka.

"Anatikisa mkia, hana neno." Mkia uliosimama wima, ukitikisika upesi juu ya mwili uliokakamaa, si salamu.

"Mlaze chini ajue nani mkubwa." Wazo hili lilitokana na mbwa mwitu aina ya wolf (si wale wa Afrika) waliofugwa kizuizini. David Mech, mtafiti aliyechangia kulieneza, alilikosoa mwenyewe mwaka 1999: porini kundi huwa ni wazazi na watoto wao, si wagombea ukubwa. Kumwinamia mbwa mwenye hofu ni kumpa uso wako auume.

Mpole akigeuka ghafla, shuku maumivu: sikio, jino, kidonda chini ya manyoya. Shuku pia kichaa cha mbwa; usimshike, ita daktari wa mifugo.

Akishauma mtu, "ni mbwa wetu, hana kichaa" si tiba. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kadi ya chanjo ya mbwa ibebe, ila isikucheleweshe kuitafuta.