Biashara ya kuni na vibanzi vya kuwashia moto: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu akisema Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, kwamba anauza mbao, anaheshimiwa. Akisema anauza kuni, anaulizwa kama amekosa kazi nyingine. Wilaya ni ileile ya Mufindi, yenye Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, na mara nyingi kuni zenyewe ni mabanzi ya magogo yaleyale yaliyotoa mbao. Dharau hiyo imezaa maneno mengi yasiyo na ukweli, na anayeingia kwenye biashara akiyaamini hutoka na deni. Naanza na lile linalofilisi wengi.

"Kuni ni za bure, chochote ukiuza ni faida"

Hata mti ukiwa wa shambani kwako, kuni haziendi sokoni kwa miguu. Kuna wa kukata, wa kuchanja, wa kupanga, kuna kamba, turubai, ushuru, na zaidi ya yote gari. Kuni ni mzigo mkubwa wenye thamani ndogo. Zipange vizuri upate mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu: humo ndani mti wenyewe ni kama asilimia 60 hadi 70, kilichobaki ni hewa. Ukipakia matawi yaliyopinda, hewa inazidi, na mwenye kirikuu anadai nauli ileile. Anayekata vipande vilivyonyooka, vya urefu mmoja, ameshaokoa hela ya usafiri kabla hajamwona mteja.

Halafu kuna maji. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Chukua kilo 100 za kuni za namna hiyo: 50 ni mti, 50 ni maji. Zikikauka hadi maji yabaki asilimia 20 ya uzito, mzani utasoma kilo 62 na nusu. Kilo 37 na nusu zimepaa, na hakuna aliyeziiba. Aliyenunua mbichi kwa kilo akauza kavu kwa kilo bila kupandisha bei walau mara 1.6 amekula hasara hata kabla ya kumlipa kibarua. Ndiyo maana kuuza kwa tita au kwa fungu kuna mantiki yake: tita likikauka husinyaa kidogo tu, na mteja anapata mti uleule. Kwenye mzani anayefaidi ni mwenye kuni mbichi, maana anauza maji kwa bei ya kuni.

"Kuni mbichi haziishi upesi, kwa hiyo zinamfaa mpishi"

Hili utalisikia hata kwa mama lishe mzoefu, na nusu yake ni kweli. Kuni mbichi huchelewa kuisha. Chungu cha maharage nacho huchelewa kuiva.

Jibu la kawaida ni kwamba joto linapotea kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni. Ni kweli, ila hesabu yake inashangaza. Hata kwenye kuni zenye maji nusu kwa nusu, kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hula kama sehemu moja kati ya saba au nane ya joto lililomo. Inauma, lakini hasara kubwa haiko hapo, iko kwenye moshi. Mti ukipashwa joto, kama robo tatu ya uzito wake mkavu hutoka kwanza kama gesi, na gesi hizo zikiwaka ndizo ndimi za moto tunazoziona. Zinahitaji joto kali ili ziwake. Maji yanapoupooza moto, gesi zinapaa bila kuungua: ukutani zinabaki masizi, machoni machozi. Kuni alizolipia mpishi zinatokea dirishani.

Na moshi huo si wa kuchukulia kama kero ya jikoni tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Kwa hiyo muuza kuni makini anauza ukavu, yaani miezi ambayo kuni zimekaa bandani. Mti wenyewe kila mtu anao.

"Anika gogo juani, likikauka ndipo uchanje"

Hapa mpangilio umegeuzwa. Mkaratusi uliokauka ukiwa gogo zima utakuvunjia mpini wa shoka, wakati ulipokuwa mbichi ungefunguka kwa mapigo machache. Tena ili kuni zikauke ni lazima zichanjwe kwanza, kwa sababu gome kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Maji husafiri kwa wepesi zaidi yakifuata urefu wa nyuzi za mti kuliko yakipita ubavuni, kwa hiyo kipande kifupi hukauka mapema kuliko kirefu, na kilichochanjwa hukitangulia cha mviringo. Kata, chanja, panga, kwa utaratibu huo.

Jua nalo linasifiwa kuliko linavyostahili. Kazi kubwa hufanywa na upepo unaopita kati ya vipande. Wengi huvika rundo zima turubai mpaka chini. Asubuhi wakifunua wanakuta matone yamejaa upande wa ndani, yale maji yaliyokuwa yanatoka yamerudi. Funika juu tu, acha mbavu wazi, na chini tandika mabanzi au magogo mawili ili kuni zisiguse udongo, maana mchwa hawangoji kualikwa. Mvua moja ikizipiga kuni kavu hazijaharibika, kwa kuwa maji ya juu hukauka kwa siku chache. Kinachoozesha ni kulala ardhini wiki baada ya wiki.

Kalenda ya Nyanda za Juu Kusini imempendelea muuza kuni. Mvua huanza Novemba hivi na kukatika Aprili au Mei. Kuni zilizochanjwa Mei na Juni zinapata miezi mitano hivi ya ukame na upepo. Ukizitoa Desemba hadi Machi, wakati wenzako wanauza kuni zilizolowa, hutahitaji kupiga debe. Anayengoja mteja aje ndipo akate mti atauza mbichi maisha yake yote.

Kuhusu kupima: watu hugonga vipande viwili, vikilia vikali ni vikavu, na njia hiyo inafaa. Nyufa za kwenye ncha zisikudanganye, kwa sababu ncha hupasuka mapema ilhali katikati bado kuna maji. Cha uhakika ni kuweka alama kwenye vipande vichache vya katikati ya rundo na kuvipima kwa mzani wa duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka kadiri hali ya hewa ya hapo inavyoruhusu.

"Mti mgumu ndio wenye moto"

Kilo kwa kilo, zikiwa kavu sawasawa, karibu kuni zote zina joto linalokaribiana, na msindano unaweza hata kuzidi kidogo kwa sababu ya utomvu wake. Tofauti iko kwenye ujazo. Kipande cha muwati au mkaratusi kina mti mwingi zaidi kuliko cha msindano cha ukubwa uleule, kwa hiyo tita lake linakaa zaidi motoni. Mchoma nyama anataka makaa ya kudumu, lakini anayetaka chai ya haraka asubuhi ya Julai, baridi ya Mufindi ikiwa imemshika, msindano utamfaa. Muulize mteja anapika nini kabla ya kumsifia mti. Mnyaa mwache ulipo: utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, na moshi wake nao unawasha.

"Vibanzi vya kuwashia ni takataka za kiwanda cha mbao"

Hapa ndipo wauza kuni wengi wanapoacha hela chini. Wanadhani mnunuzi wa vibanzi ni mwenye mafiga, naye anajiokotea mwenyewe. Mnunuzi hasa ni mtu wa mkaa. Mkaa hauwaki kwa njiti ya kiberiti peke yake, na mjini watu huwashia mafuta ya taa, mifuko ya plastiki, hata vipande vya ndala. Moshi wa plastiki una sumu, na mwashaji ndiye wa kwanza kuuvuta.

Mabanzi ya msindano yakipasuliwa kwa unene wa penseli hadi kidole gumba, yakafungwa vifungu vidogo vya kuwashia jiko mara moja au mbili, yanapata nafasi pale pale gengeni penye makopo ya mkaa. Chagua sehemu zenye utomvu, zile nzito zenye rangi ya asali. Zinashika moto hata siku ya ukungu. Kwa kuwa ni vyembamba, hukauka kwa wiki chache badala ya miezi, ila hunyonya unyevu upesi vilevile, kwa hiyo vikae ndani. Kwa kilo moja utauza ghali kuliko kuni, na ni haki, kwa maana mteja amelipia mikono yako. Pwani usihangaike kuvipeleka: huko makumbi na vifuu vya nazi vinafanya kazi hiyo tangu zamani.

Tahadhari moja kuhusu mabaki ya bure. Vipande vya nguzo za umeme na mbao nyingine zenye rangi ya kijani ya dawa huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Ukivichoma, sumu inakwenda kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, ambayo mtu atayapeleka bustanini au kuhifadhia maharage. Mbao za rangi na plaiwudi pia zikae mbali na jiko. Kwenye paleti za mizigo ya nje tazama muhuri: HT maana yake zimepashwa joto tu, MB zimefukizwa kwa dawa, hizo ziache.

"Mti ni wangu, kibali cha nini?"

Kuokota kuni kavu za kupikia nyumbani ni jambo moja, kupakia gari kwa ajili ya kuuza ni jingine. Kuni zimo kwenye mazao ya misitu chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mzigo wa biashara unatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia, ile watu wanayoiita TP, kutoka TFS, wakala wa serikali wa misitu. Pita ofisi ya kijiji, kisha TFS ya wilaya, kabla gari halijaja. Kwenye geti la ukaguzi hawaulizi nani aliupanda mti.

"Biashara hii inamaliza misitu, na yenyewe imeshakufa"

Kuhusu misitu, swali ni kuni zimetoka wapi. Mkaratusi uliokatwa vizuri huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Ukibakiza machipukizi mawili au matatu yenye afya, unavuna tena bila kupanda upya. Msindano hauchipui, huo lazima upandwe. Miombo inayokatwa kwa ajili ya tanuri la matofali au kukaushia tumbaku ni habari nyingine, na siitetei. Lakini anayehama kuni akaenda kwenye mkaa kwa nia ya kuokoa miti ajue kwamba tanuri la udongo hutoa kama kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni. Kuni kavu kwenye jiko banifu zinaweza kuiokoa miti mingi kuliko hapo.

Kuhusu kufa: soko linahama. Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Anayekopa kununua gari akitegemea zabuni ya shule anacheza kamari. Wachoma nyama, waoka mikate na kaya za baridi bado wapo, na jiko la mkaa la mjini bado linatafuta cha kuwashia. Hesabu za anayeanza mwaka huu zipigwe kwa wateja hao, na shule isiwemo kabisa.