Mhandisi Mmoja wa Halmashauri Nne

Halmashauri ndogo ya vijijini hudaiwa mengi ya yale yanayodaiwa na kubwa: itangaze zabuni kwa utaratibu, ifunge hesabu kwa wakati, itunze barabara, izoe taka, ipange matumizi ya ardhi. Ila kubwa ina idara na ndogo ina mtu. Mtu huyo akiugua, zabuni hulala. Akihama, anaondoka na nywila za mfumo wa hesabu, na ni yeye peke yake aliyejua bomba lipi limefukiwa wapi.

Jibu la haraka huwa semina. Sisi tunaofundisha maafisa hatuna budi kukiri jambo moja: cheti tunachompa afisa aliye peke yake mara nyingi ndicho kinachompatia kazi mjini. Halmashauri inakuwa imemlipia nauli ya kuondoka. Uwezo hutulia mahali penye watu wawili au watatu wa fani moja, wanaokaguliana kazi na kushikiana zamu. Halmashauri ya watu elfu mbili haiwezi kuwalipa watatu. Nne zikiungana, zinaweza.

Wazo hili si geni. Ufaransa iliruhusu kwa sheria ya mwaka 1890 komuni zake, yaani halmashauri zake za ngazi ya chini kabisa, ambazo nyingi ni vijiji, kuunda chombo cha pamoja cha kutoa huduma. Nchi hiyo bado ina komuni zipatazo 35,000, na zaidi ya nusu zina wakazi wasiofika 500. Sheria ya mwaka 2015 ilipandisha kiwango cha chini cha wakazi katika jumuiya za komuni kutoka 5,000 hadi 15,000, ikiacha nafuu kwa maeneo ya milimani na yenye watu wachache. Denmark ilichagua njia nyingine: mwaka 2007 ilizipunguza manispaa zake kutoka 271 hadi 98. Kuunganisha mipaka kuna faida zake, lakini vijijini diwani akiwa mbali, mwananchi huacha kumfuata. Kwa hiyo mimi naona ushirikiano ujaribiwe kwanza.

Ushirikiano wenyewe huvunjikia kwenye fedha. Tuchukue halmashauri nne zenye wakazi 8,000, 4,000, 2,000 na 1,000, zinazotaka kuajiri mhandisi mmoja. Kila mia ya gharama ikigawanywa sawasawa, kila moja italipa 25, na ile ndogo kabisa italalamika, kwa haki. Ikigawanywa kwa idadi ya watu, kubwa italipa 53 na ndogo 7; hapo kubwa itaanza kusema mhandisi ni wake. Nusu ikigawanywa sawa na nusu kwa idadi ya watu, malipo yatakuwa 39, 26, 19 na 16. Hakuna atakayefurahi sana, na hakuna atakayehisi kaibiwa.

Kwa greda, mtambo wa kuchonga barabara, ikiwa ya pamoja, hesabu ni nyingine. Bima na mshahara wa dereva hulipwa hata mtambo ukiwa umeegeshwa, kwa hiyo vifuate mgawanyo huo wa nusu kwa nusu. Mafuta na vipuri vifuate saa za kazi, zilizoandikwa kwenye daftari na kusainiwa na pande zote mbili siku ileile. Zamu nazo zipangwe kabla ya msimu wa mvua. Barabara zote nne zikishaharibika wiki moja, hakuna kikao kitakachokubaliana greda ianzie wapi.

Brazil, yenye manispaa zaidi ya 5,500, imeliweka suala la malipo ndani ya sheria. Sheria Na. 11.107 ya mwaka 2005 inataka kila mwanachama wa muungano wa huduma asaini upya mkataba wa mgawanyo wa gharama kila mwaka wa fedha. Asiyetenga mchango wake kwenye bajeti anaweza kusimamishwa, kisha kuondolewa. Kifungu hicho kinaonekana kikali, lakini kinamwokoa mwenyekiti na kazi ya kubembeleza. Pasipo kifungu cha namna hiyo, anayelipa kwa wakati hujiona mjinga kufikia mwaka wa tatu.

Swali la nani anatawala lina uzito uleule. Kura moja kwa kila halmashauri huwapa wadogo usalama. Kura kwa idadi ya watu huwapa wakubwa sababu ya kubaki. Maamuzi ya bajeti yanaweza kudai wingi wa aina zote mbili. Taarifa za chombo cha pamoja zisomwe katika kila baraza la madiwani, si kwa wakurugenzi tu, maana chombo kisichoonekana na wapiga kura hugeuka kuwa mali ya watumishi wake.

Kuhusu pa kuanzia, msianze na kampuni ya maji. Anzeni na kazi isiyo na siasa nyingi: ukaguzi wa ndani, ununuzi wa dawa za kutibu maji, au huyo mhandisi. Na kabla ya kusaini, someni kwa sauti kifungu cha kujitoa. Kitaje notisi ya muda gani, isiyokatiza mwaka wa bajeti. Greda inabaki kwa nani na kwa thamani ipi. Na mhandisi, ambaye ameacha ajira yake ya zamani kwa ajili yenu, atalipwa na nani miezi hiyo.