Moto hauondoi sumu ya kiporo

"Pasha mpaka utoe moshi, moto unaua kila kitu." Sentensi hii kuhusu kiporo cha wali nimeisikia mara nyingi mno, tena kwa watu wanaopikia watoto, na safari hii naijibu kwa urefu.

Moto unaua bakteria. Hauui spora za bakteria, yaani mbegu zao ngumu zilizolala, na hauvunji sumu ambayo bakteria wameshaiacha ndani ya wali. Kwa mboga nyingi na michuzi, kosa la kuutegemea moto peke yake unaweza kulifanya usione matokeo. Kwa wali, kosa hilo ndilo chanzo cha matapishi ya asubuhi.

Mchele unatoka shambani ukiwa na spora za Bacillus cereus, kwa sababu bakteria huyu anaishi kwenye udongo na vumbi. Kuosha mchele kunazipunguza, hakuzimalizi. Maji yakichemka, bakteria walio hai wanakufa, spora zinabaki. Kibaya zaidi, joto la kupikia ndilo linaloziamsha usingizini. Wali ukishuka chini ya nyuzi 50 hivi zinachipua, na zinakuta jungu zima la wanga na maji bila mshindani, maana wengine wote umeshawapika. Katika nyuzi 30 na kitu bakteria huyu anajigawa kila nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: kujigawa mara 10 ni kuongezeka mara 1,000. Saa tano zinatosha kutoka bakteria 100 kwenye gramu moja hadi 100,000, na hapo ndipo kwenye kiwango kinachoanza kuleta shida. Wali ulioachwa mezani saa 3 usiku, kufikia saa 8 usiku wakati nyumba nzima imelala, kazi imekwisha.

Aina fulani za bakteria huyu hutoa sumu ya kutapisha iitwayo sereulaidi. Maabara zimeipika kwa nyuzi 121 kwa saa moja na nusu, ikabaki sumu. Sufuria yako haifiki nyuzi 121. Kwa hiyo mvuke unaouona ukitoka kwenye kiporo asubuhi unakwambia kwamba wali ni wa moto, basi. Haukwambii lolote kuhusu usiku uliopita. Anayeila huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baadaye, kisha lawama zinaangukia mafuta au maharage.

Na tafadhali, pua isiwe kipimo. Wali uliochacha, hasa wa nazi, unanuka kwa sababu ya vijidudu vingine. Ukivuta utelezi kwenye mwiko, hao pia ni wengine. Sereulaidi haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi. Kiporo kinachonuka kitupe, bila shaka. Kisichonuka bado hujajua chochote.

Sasa hotipoti, ambalo linanisumbua kuliko yote. Watu wanaliamini kama friji ya joto. Wali unaingia saa 2 usiku, unafunguliwa saa 12 asubuhi ukiwa vuguvugu, na mtu anafurahi kwamba "bado una joto". Huo uvuguvugu ndio hatari yenyewe. Hotipoti halitengenezi joto, linalichelewesha kutoka. Saa za mwanzo linakusaidia, kwa sababu juu ya nyuzi 60 bakteria hawezi kukua. Baada ya hapo ucheleweshaji uleule unakugeukia: wali unashuka polepole kutoka 50 hadi 30, ukikaa saa nyingi kwenye joto ambalo bakteria angelichagua mwenyewe. Angalia mfuniko ukiufungua asubuhi: matone ya mvuke yamejipanga ndani yake na yanadondokea wali wa juu, ambao umekuwa laini na mweupe zaidi ya ule wa chini. Unyevu upo, uvuguvugu upo, chakula kipo.

Hotipoti litumie hivi. Lipashe kwanza kwa maji yanayochemka dakika tano, yamwage, kausha. Tia wali ukiwa umetoka jikoni sasa hivi, ujaze karibu na mdomo, kwa sababu hotipoti lililojazwa nusu linapoa haraka. Usilifungue kila mtu anapopita. Kama una kipimajoto cha kuchoma, pima katikati ya wali. Kama huna, tumia vidole: wali ambao unaweza kuufinya tonge bila kuupuliza umeshashuka chini ya 60. Kuanzia hapo, uule au uuhamishie kwenye friji. Usiufunge tena ukalala.

Kuhusu friji. Lile onyo la kwamba chakula cha moto kinaua friji limeharibu viporo vingi kuliko lilivyookoa friji. Ni kweli usiingize sufuria nzima inayofuka, itapasha vilivyo jirani yake, na katikati yake itabaki na joto kwa saa nyingi hata humo ndani. Dawa ni kupunguza unene. Tandaza wali kwenye sinia au bakuli pana, kina kisizidi vidole vitatu, afadhali viwili. Unene ukiupunguza nusu, muda wa kupoa unapungua karibu mara nne. Kama una haraka, kalisha sinia juu ya beseni la maji baridi na uugeuze wali kwa uma mara mbili tatu. Ukiacha kutoa mvuke, ufunike uingize. Lengo ni ndani ya saa moja. Saa mbili ndiyo mwisho.

Friji yenyewe iwe nyuzi 5 au chini. Mwaka 2003 huko Ubelgiji watoto watano wa familia moja waliugua baada ya kula saladi ya tambi iliyokaa siku kadhaa, na msichana wa miaka 7 akafariki. Friji yao ilipimwa ikakutwa na nyuzi 14. Tambi na wali kwa bakteria huyu ni chakula kilekile. Friji iliyosongwa mpaka mlango unasukumwa kwa goti, au iliyokaa bila umeme usiku kucha, usiihesabu kuwa friji.

Kikae siku ngapi? Hapa wataalamu hatusemi neno moja. Uingereza wanashauri wali usizidi saa 24. Marekani wanaruhusu viporo siku 3 hadi 4. Bakteria ni yuleyule. Tofauti ni kiasi gani kila mmoja anaamini ulipooza vizuri mwanzoni. Mimi nasema saa 24, kwa sababu ya umeme wetu. Na nakubali jambo ambalo mabango hayasemi: wengi wamekula bariyo, yaani kiporo cha asubuhi, maisha yao yote bila kudhurika, maana si kila Bacillus cereus hutoa sumu ya kutapisha, na saa mbili si ukuta ambao nyuma yake kuna kifo. Ila huwezi kuona wali wako umebeba aina gani. Mtoto mdogo, mjamzito na mgonjwa wasiwe wa kujaribia.

Kupasha ni kufupi. Chota kiasi cha kuliwa tu, usirudishe kinachobaki. Vunja mabonge kwa uma, kwa sababu bonge huwa la moto nje na baridi ndani. Nyunyiza maji vijiko viwili kwa kila sahani, funika vizuri, moto mdogo, geuza mara moja, mpaka katikati ifike nyuzi 70 na zaidi, usishikike. Kwenye maikrowevu panga wali kama pete, acha katikati wazi, funika, koroga ukifika nusu, uache dakika moja kabla ya kufunua. Kumwagia mchuzi wa moto juu ya wali baridi si kupasha. Ni kuupa bakteria uvuguvugu kwa mara ya pili.

Pilau na biriani fuata masharti hayohayo, kwa ukali zaidi, kwa sababu nyama inaleta bakteria mwingine mwenye spora. Sufuria ya shughuli isilale nzima kamwe. Gawa usiku uleule.

Kwa nyumba isiyo na friji, sina njia ya kuulaza wali ninayoweza kukupa kwa dhati. Kuuchemsha tena kabla ya kulala kunaua waliochipua na kuacha spora zianze upya. Pika kwa kipimo: kilo moja ya mchele inatosha watu wazima 8 hadi 10, kwa hiyo watu wanne hawahitaji kuzidi nusu kilo. Kinachobaki saa 3 usiku kipe jirani kikiwa bado cha moto, au kipe kuku. Kinachoweza kulala ni ukoko peke yake, ule ulioachwa juu ya makaa mpaka ukabanduka mkavu na kulia ukiuvunja, kwa sababu hauna maji ambayo bakteria angeyatumia. Ukipinda bila kuvunjika, bado ni wali.