Kuku anataga yai laini, jogoo hana kosa

Tuanze na jogoo maana ndo anaelaumiwa sana huku kwetu. Mtu akiokota yai tepetepe uani, linabonyea mkononi, utasikia "huyu tetea hana jogoo ndo maana yai halikazi". Si kweli. Kazi ya jogoo ni kulitia mbegu yai ili liangue kifaranga, ganda halimuhusu hata kidogo, kuku wa kisasa wa mayai wengi wao hawajamuona jogoo tokea waanze kutaga na mayai yao magumu vilevile. Na wale wanaosema ni hasad ya jirani, haya, someni mkitaka, lakini mkimaliza kusoma mkaangalie na chombo cha chakula kina nini ndani.

Maana kwa majumba mengi utakuta machicha ya nazi, ukoko na pumba, basi. Kuku anashiba, ananenepa, wenyewe wanasema "mbona anakula vizuri tu" na hapo ndo watu wanapopotea, kushiba kitu chengine na kupata kalisiamu kitu chengine. Ganda karibu lote ni kalisiamu kaboneti, yai moja tu linachukua kalisiamu kama gramu 2 hivi, na kuku anaetaga karibu kila siku anahitaji kula kama gramu 4 kwa siku kwa sababu si yote anayokula inaingia mwilini. Chakula cha leya, yaani kuku wa mayai, kinachotengenezwa vizuri kina kalisiamu asilimia 3.5 mpaka 4, cha kukuzia kina kama asilimia 1 tu, sasa mtu ananunua cha kukuzia kwa vile ni rahisi, anampa kuku anaetaga, halafu anauliza mayai yana nini. Machicha ndo usiseme.

Kingine ambacho wengi hawakijui ni saa. Yai linakaa kwenye sehemu ya kutiliwa ganda kama masaa 20 na kazi kubwa inafanyika usiku, kuku yuko juu ya mti wake kalala na chakula cha mchana kishateremka, kwa hivo kama hana akiba tumboni anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ikiendelea muda mrefu mifupa inakuwa mibovu, mpaka kuku anaanza kuchechemea. Ndo maana makombe, yaani maganda ya chaza, yaliyopondwa mpe alasiri, na yawe chengachenga si unga, chenga zinabaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole usiku kucha, unga unapita haraka.

Hapa sasa yupo atakaesema "mtilie chokaa". Jamani chokaa ya kujengea, au ile ya tambuu, hilo ni jiwe lililochomwa, linaunguza! Ile inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo ni jiwe lililosagwa tu halijapita kwenye tanuri, watu wanasikia chokaa wanakwenda kukwangua kwenye mfuko wa fundi, msifanye hivo. Na sisi wa visiwani tunahangaikia nini wakati makombe tunayo bure, nenda Fumba au Bweleo hapa Unguja kwenye akina mama wanaookota chaza uombe. Yaoshe kwa maji baridi yatoke chumvi, yaanike, yatwange kwenye kinu kibovu, uweke kwenye chombo peke yake. Usichanganye kwenye chakula cha wote, kuku anaetaga anajijua mwenyewe kiasi anachotaka, lakini vifaranga wakilazimishwa kula kalisiamu nyingi figo zao zinaharibika.

Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, ile ya kuwa yatamfundisha kuku kula mayai ni woga tu. Yakaange makavu mpaka yakauke kabisa, yaponde yasifanane tena na yai. Kinachomfundisha ni yai laini lenyewe lililopasuka kiotani akaonja, kwa hivo okota mapema.

"Maji ya kisima kuku kashazoea." Hili silikubali kabisa, hasa kwa walio karibu na pwani ambako visima vina chumvi. Chumvi ikizidi kwenye maji ganda linaharibika hata chakula kiwe kizuri vipi, na ukijumlisha na dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi ndo balaa. Mpe ya mvua, au ya bomba yakitoka. Halafu kuna joto la kaskazi, kuku anahema mdomo wazi mchana kutwa, anatoa kaboni dayoksaidi nyingi ambayo mwili ungeitumia kutengenezea ganda, na chakula chenyewe anakula kidogo. Kivuli na maji ya baridi, hakuna dawa nyengine.

Tetea anaeanza kutaga akitoa yai laini moja mawili usishtuke, mwili bado unajipanga. Kuku mkubwa wa umri naye mayai yake makubwa ila ganda jembamba, ndo umri huo.

Kukimbilia antibaiotiki ndo kunanikera zaidi. Kalisiamu ikipungua haitibiwi kwa tetrasaiklini, tena hivi viwili vinashikana tumboni dawa yenyewe isifanye kazi, na mayai ya kuku aliepewa dawa hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakti ziishe. Wakiumwa wengi kwa pamoja, wanakohoa, kinyesi kijani, shingo zinapinda, hapo fikiria kideri (Newcastle), na kideri ni virusi, antibaiotiki haikigusi, ni chanjo kabla hakijafika. Mwite mtu wa mifugo.

Kula yai lenyewe? Ganda ndo linalozuia vijidudu, kwa hivo kama utando mzima, safi, na umeliokota saa hiyohiyo, lipike liive sawasawa. Limechanika au limelala kwenye kinyesi, lifukie, na usimrushie kuku, maana hapo sasa utakuwa umemfundisha kweli.